HandBrake na kanda za harusi: mapitio ya programu inayogeuza picha ya mpishano kuwa picha kamili

HandBrake ni programu ya bure ya kubadilisha faili za video, na mapitio haya yanaihusu kwa kazi moja tu: kuchukua picha zilizorekodiwa kwa kamera na deki za zamani, ambazo mistari yake hupishana, na kuzigeuza kuwa picha kamili zinazofaa simu, kompyuta mpakato na runinga bapa za leo. Kwa kazi hiyo naipendekeza kwa moyo wote, ila kwa sharti moja ambalo nitalieleza kwa kirefu. Mtu akiifungua na kubonyeza kitufe cha kuanza bila kugusa chochote, atapata picha safi iliyopoteza nusu ya mwendo wake, na huenda asitambue kabisa kwamba kuna kitu kilichopotea.

Tofauti inayozungumziwa hapa ndiyo ile inayobebwa na herufi moja mwishoni mwa namba kama 1080i na 1080p. Katika picha ya mfululizo, yenye herufi p, mistari yote ya fremu ni ya wakati mmoja na huonyeshwa pamoja, kuanzia wa juu hadi wa chini, na fremu inayofuata huja ikiwa kamili vilevile. Katika picha ya mpishano, yenye herufi i, hutolewa kwanza mstari mmoja na kurukwa mmoja mpaka chini, kisha kazi hurudi juu na kuchukua ile iliyorukwa. Mfumo wa PAL, ambao ndio uliotumiwa na televisheni za Tanzania, Kenya, Uganda na Oman, una mistari 625, na kati ya hiyo 576 ndiyo hubeba picha. Kila duru moja ya kuruka mistari, inayoitwa nusu-fremu, kwa hiyo ina mistari 288, na kwa sekunde moja hupita nusu-fremu 50. Jambo ambalo wengi hulikosa, wakiwemo wanaofanya kazi hii kwa malipo, ni kwamba nusu-fremu mbili zinazofuatana si vipande viwili vya picha moja. Ya pili ni ya milisekunde 20 baada ya ya kwanza, na katika muda huo mkono umesogea, shela limepepea na mpiga dufu ameshateremsha kiganja.

Mpangilio huu ulikuwa na sababu nzuri wakati wake. Runinga ya chogo huchora picha kwa mwale wa elektroni unaopita mstari kwa mstari, na kila mstari huanza kufifia mara tu mwale ukishapita. Skrini ikichorwa mara 25 kwa sekunde jicho huiona ikimetameta vibaya. Ikichorwa mara 50, hali hiyo hupungua kiasi cha kuvumilika. Kuchora mistari yote 625 mara 50 kungehitaji mistari 31,250 kwa sekunde na karibu maradufu ya nafasi ya masafa hewani, ilhali mpishano hutosheka na mistari 15,625. Mapema miaka ya 1930 Fritz Schröter wa kampuni ya Telefunken nchini Ujerumani na Randall Ballard wa RCA nchini Marekani waliliombea hataza wazo hilo, kila mmoja kwa upande wake. Novemba 1936, BBC ilipoanza matangazo ya kawaida ya televisheni kutoka Alexandra Palace, London, mifumo miwili ilipewa zamu: wa Baird wenye mistari 240 ya mfululizo na fremu 25 kwa sekunde, na wa Marconi-EMI wenye mistari 405 ya mpishano na nusu-fremu 50 kwa sekunde. Kufikia Februari 1937 mfumo wa Baird ulikuwa umewekwa kando. Mpishano haukuwa sababu pekee, kwa kuwa vifaa vya Baird vilikuwa vizito na sehemu ya kazi yake ilibidi ipitie kwenye filamu iliyosafishwa papo hapo, lakini tangu hapo mpishano ukawa ndiyo desturi ya televisheni, na Zanzibar ilipofungua televisheni yake ya rangi mwaka 1973 iliipokea desturi hiyohiyo.

Kamera na deki za nyumbani nazo zilijengwa juu ya msingi huo. Ndani ya deki ya VHS kuna ngoma yenye vichwa viwili inayozunguka mara 25 kwa sekunde, na kila kichwa kinapopita juu ya utepe huandika mkato mmoja wa mshazari ambao ndani yake mna nusu-fremu moja kamili. Kaseti ya harusi ya mwaka 1992, hata ikiwa imekwajuka rangi, bado imehifadhi nyakati 50 tofauti kwa kila sekunde. Kamera za MiniDV, zilizoingia sokoni mwaka 1995, ziliandika kwa dijitali lakini hazikubadilisha jambo hili: fremu ya pikseli 720 kwa 576 ambayo ndani yake nusu-fremu mbili zimefumwa pamoja, ile ya mistari ya chini ikiwa ndiyo ya kwanza kwa wakati. Hata kamera za AVCHD zilizoanza mwaka 2006, ambazo wapiga picha wetu wengi wa harusi walizipokea kwa furaha kwa sababu ya mistari yake 1080, mara nyingi zilirekodi 1080i. Wenye faili za aina hiyo wasidhani kwamba wingi wa mistari umewaepusha na tatizo hili.

Kwenye runinga ya chogo hapakuwa na tatizo lolote, kwa sababu mwale ulichora nusu-fremu moja baada ya nyingine kwa mpangilio uleule ambao kamera ilizichukua. Skrini za leo huwasha mistari yote kwa pamoja, na kwa hiyo lazima chombo fulani, iwe runinga, programu ya kuchezea au programu ya kubadilishia, kiamue namna ya kupata fremu kamili kutokana na nusu mbili zisizo za wakati mmoja. Zikifumwa tu kama zilivyo, sehemu zilizotulia hutoka safi kabisa, lakini kila kinachotembea huota kingo zilizochanika kama meno ya kitana. Hesabu yake ni rahisi: mtu anayevuka upana wote wa picha ya pikseli 720 kwa sekunde moja husogea zaidi ya pikseli 14 kati ya nusu-fremu na nyingine, na huo ndio urefu wa kila jino. Hapo ndipo kazi ya kuondoa mpishano inapoanza.

Njia mbovu za kuifanya ni nyingi na zote zimewahi kupita majumbani mwetu. Iliyoenea kuliko zote ni ya kutupa nusu-fremu moja katika kila mbili. VCD, ambazo kwa miaka mingi ndizo zilizokuwa zawadi ya familia baada ya harusi, zilihifadhi picha ya pikseli 352 kwa 288 kwa fremu 25 kwa sekunde, yaani nusu-fremu moja ikabaki na mwenzake akatupwa. Aliyewahi kuitazama harusi ileile kwenye kaseti na baadaye kwenye VCD ataukumbuka utofauti: kwenye kaseti wachezaji wanateleza, kwenye VCD wanakwenda kwa vihatua. Wengi walilaumu diski kwa kubana picha, na kweli ilibana, lakini kukatika kwa mwendo kulitokana na kutupwa kwa nusu ya nyakati zilizorekodiwa. Njia nyingine ni kuchanganya nusu-fremu mbili kuwa moja, ambapo meno hupotea lakini kila kiungo kinachotembea huwa na kivuli chake pembeni. Hii kwangu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ukungu huo ukishaingia hakuna chombo cha kuutoa.

Njia sahihi ni kukigeuza kila kipande cha milisekunde 20 kuwa fremu kamili inayojitegemea, ili nusu-fremu 50 ziwe fremu 50 kwa sekunde. Mistari 288 inayokosekana katika kila fremu hupatikana kwa namna mbili kulingana na mahali. Pale ambapo picha imetulia, kwa mfano ukutani au kwenye mapambo ya jukwaa, mistari halisi huchukuliwa kutoka nusu-fremu iliyotangulia na inayofuata, na hivyo hakuna kinachopotea. Pale penye mwendo, mistari hukadiriwa kutokana na majirani zake wa juu na wa chini. Ubora wa kichujio hutegemea jinsi kinavyotambua ni wapi pametulia na ni wapi pana mwendo, na jinsi kinavyokadiria kingo za mshazari bila kuzifanya ngazi.

HandBrake inavyo vichujio vitatu vya kazi hii, vyote vikiwa kwenye kichupo cha vichujio. Cha kwanza ni Yadif, kilichoandikwa na Michael Niedermayer, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa ndicho kipimo ambacho vingine hulinganishwa nacho. Cha pili ni Decomb, ambacho kazi yake ni kuchunguza kila fremu na kugusa zile tu zinazoonyesha meno. Cha tatu, kilichoongezwa katika matoleo ya karibuni, ni Bwdif cha Thomas Mundt, ambacho kinachukua busara ya Yadif ya kutambua mwendo na kuiunganisha na ukadiriaji wa mistari uliotokana na kazi ya Martin Weston katika idara ya utafiti ya BBC.

Nimevijaribu kwa picha ambazo kwa maoni yangu ndizo mtihani mgumu kwa kazi ya aina hii, na ambazo zimejaa katika kanda za pwani yetu. Ya kwanza ni Maulidi ya Homu, ambapo safu ya wanaume waliovaa kanzu nyeupe huyumba pamoja polepole. Hapa kichujio dhaifu hujifichua kwa sababu kingo ndefu nyeupe juu ya ukuta mweusi huonyesha kila ngazi. Ya pili ni viganja juu ya dufu, ambavyo mwendo wake ni wa kasi mno. Ya tatu ni pindo la kikoi lenye mistari myembamba, ambalo hata mvaaji akiwa ameketi kimya huweza kutetemeka, kwa sababu mstari mwembamba wa mlalo huangukia nusu-fremu moja na kukosekana katika nyingine. Bwdif imefanya vizuri katika yote matatu. Kingo za kanzu zilitoka laini kuliko za Yadif, mtetemo wa kikoi ulipungua ingawa haukuisha, na viganja vilionekana vikipanda na kushuka bila kivuli wala meno. Kati ya Yadif na Bwdif tofauti si kubwa, na mwenye toleo la zamani la programu asijione amekosa sana, lakini ikiwa vyote vipo sioni sababu ya kuchagua Yadif.

Sasa nifike kwenye lile sharti. Kila kimoja kati ya vichujio hivi kina mipangilio kadhaa, na ule wa kawaida hutoa fremu moja kwa kila jozi ya nusu-fremu, yaani fremu 25 kwa sekunde. Mpangilio unaotoa fremu 50 unaitwa Bob, na lazima uuchague mwenyewe. Zaidi ya hapo, mpangilio wa jumla ambao programu huja nao, wenye jina Fast 1080p30, huweka kikomo cha fremu 30 kwa sekunde, na kikomo hicho kitaziondoa fremu za ziada hata kama umechagua Bob. Kwa hiyo ni lazima kugusa sehemu mbili: kwenye vichujio chagua Bwdif na Bob, halafu kwenye kichupo cha video weka kasi ya fremu kuwa 50, isiyobadilika. Naelewa kwa nini watengenezaji walichagua walivyochagua, kwa sababu watumiaji wao wengi wanabadilisha filamu, na kwa filamu fremu 24 au 25 ndizo sahihi. Hata hivyo, programu inayotambua yenyewe kwamba faili lina mpishano ingepaswa angalau kumwonya mtumiaji kwamba nusu ya mwendo inakwenda kuachwa. Kukosekana kwa onyo hilo ndiyo kasoro kubwa ninayoiona humu.

Wapo watakaosema kwamba fremu 25 zinatosha, na kwamba zinaipa harusi sura ya sinema. Sikubaliani nao. Aliyepiga picha ile hakuwa na nia ya sinema. Kamera yake ilirekodi uhai wa ukumbi kwa nyakati 50 kwa sekunde, na ule mteremko wa mwendo ndio unaomfanya anayetazama ahisi kwamba bibi aliyekwisha kufariki anapita mbele yake. Kumpunguzia mtu huyo nusu ya hatua zake kwa ajili ya mtindo ni uharibifu wa kumbukumbu, na ni uharibifu usio na faida, kwa kuwa faili la fremu 50 haliwi maradufu ya ukubwa. Fremu zinazofuatana kwa ukaribu hufanana sana, na ubanaji wa kisasa hunufaika na mfanano huo.

Kuna hali ambazo Bob haifai, na ni muhimu kuzijua. Filamu ya sinema iliyorushwa kwenye televisheni ya PAL ilichezwa kwa fremu 25 badala ya 24, na kila fremu ikagawanywa katika nusu mbili zilizo za wakati mmoja kabisa. Hapo hakuna meno ya kuondoa. Kufuma nusu hizo pamoja hurudisha fremu kamili ya asili, na kichujio chochote kitapunguza tu ukali wa picha. Kwa mkanda uliochanganya filamu na picha za kamera ya video, washa kigunduzi cha mpishano na utumie Decomb, ambayo itaziacha fremu safi zilivyo. Kwa harusi iliyopigwa kwa kamera ya video mwanzo hadi mwisho, kizime kigunduzi hicho, la sivyo fremu zenye utulivu zitapita bila kuguswa na zile zenye mwendo zitaguswa, na mwendo utakosa ulinganifu. Jamaa walioko Marekani na Kanada huwa na kanda za NTSC, zenye mistari 525 na takriban nusu-fremu 59.94 kwa sekunde; kwa hizo kasi ya kuweka ni 59.94. Ikiwa ni filamu iliyorekodiwa kutoka televisheni ya huko, kichujio kinachohitajika ni kingine kabisa, Detelecine, ambacho HandBrake inacho pia.

Mpangilio wa nusu-fremu nao unaweza kuleta shida. Faili la DV huanza na mistari ya chini, faili la AVCHD kwa kawaida huanza na ya juu, na vifaa vya kunasia picha kutoka kwenye deki kwa njia ya USB hutegemea mtengenezaji wake. HandBrake husoma alama iliyomo ndani ya faili na kuifuata, na mara nyingi hilo hutosha. Alama ikiwa si sahihi, nyakati hutoka kinyume, ya pili kabla ya ya kwanza, na kila anayetembea huonekana akienda mbele, akirudi nyuma, akienda mbele tena, kwa mtikisiko unaochosha macho. Kabla ya kubadilisha faili lolote ni vizuri kulifungua kwa MediaInfo, programu nyingine ya bure, ambayo itakuambia kama lina mpishano na ni nusu ipi imetangulia. Kisha lifungue kwa VLC, uwashe kuondoa mpishano kwa aina ya Yadif (2x) na kutazama dakika chache zenye mwendo. Ukiona mtikisiko huo hapo, utauona pia kwenye HandBrake, na utalazimika kuandika mpangilio sahihi katika sehemu ya maelekezo maalumu ya kichujio. Sehemu hiyo ni kisanduku kitupu kisicho na maelezo yoyote mbele ya mtumiaji, na ni mahali pagumu zaidi katika programu nzima.

Mengine yanakwenda vizuri bila jasho. Programu huondoa mpishano kabla ya kubadilisha ukubwa wa picha, na huo ndio utaratibu pekee ulio sahihi. Nimewahi kupokea kutoka duka moja la kuhamisha kanda faili ambalo lilikuwa limepunguzwa kimo kwanza huku nusu-fremu zikiwa bado zimefumwa. Meno yalikuwa yamegeuka mawimbi yaliyosambaa kwenye mistari jirani, na hakuna kichujio kilichoweza kuyatenganisha tena. Uwiano wa picha nao hulindwa: pikseli za PAL si mraba kamili, na HandBrake huandika alama ili picha ya 4:3 isionekane imenenepa wala kukonda. Kwa ubanaji, waandaaji wenyewe wanapendekeza kiwango cha RF, kipimo cha ubora ambacho namba yake ikiwa ndogo ubora huwa mkubwa, kati ya 18 na 22 kwa picha zenye mistari 480 au 576, na kwa kanda za VHS zenye chembechembe nyingi mimi hubaki 18, kwa sababu chembe hizo zikibanwa kupita kiasi huwa mabaka yanayotembea juu ya nyuso.

Wanaotaka ubora wa juu zaidi watasikia jina QTGMC, njia nyingine ya kuondoa mpishano iliyo nje ya HandBrake, na sifa zake ni za kweli. Hufuatilia mwendo wa kila sehemu ya picha kwa fremu kadhaa mbele na nyuma, na mtetemo wa pindo la kikoi niliousema juu hutulia karibu wote. Gharama yake ni kwamba hufanya kazi ndani ya AviSynth au VapourSynth, ambako mtumiaji huandika maagizo kwa maandishi badala ya kubonyeza vitufe, na ni polepole mno kwa kompyuta ya kawaida ya nyumbani. Kwa kanda moja yenye thamani ya pekee, tuseme rekodi pekee iliyobaki ya kundi la taarabu, ningejifunza kuitumia. Kwa sanduku zima la kanda za familia, Bwdif ndani ya HandBrake inatosha, na mtu anaweza kumfundisha mdogo wake kuitumia ndani ya jioni moja.

Nigusie pia YouTube, kwa sababu ndiko kanda nyingi za aina hii zinakoishia ili jamaa walio Muscat, Toronto na Mombasa wazitazame pamoja. Huko fremu 50 kwa sekunde hutolewa tu kwa picha zenye mistari 720 na kuendelea. Ukipandisha faili la mistari 576, hata likiwa na fremu zake 50, mtazamaji atapewa fremu 25, na kazi yote ya Bob itakuwa bure. Dawa yake ni kuikuza picha ndani ya HandBrake hadi pikseli 1440 kwa 1080, ukiwa kwanza umetia alama kwenye kisanduku kinachoruhusu ukuzaji. Kukuza hakuongezi undani wowote ambao kamera haikuuona, lakini hufungua mlango wa fremu 50, na kwa ngoma na dufu hilo ni jambo kubwa. Anayetuma kwa WhatsApp ajue kwamba video itabanwa upya njiani, na hawezi kutegemea kile kilichomfikia mpokeaji.

Swali moja huulizwa mara kwa mara na wapiga picha vijana: je, basi 720p ni bora kuliko 1080i? Kwa picha zenye mwendo, ndiyo, na hesabu haiko mbali kama namba zinavyodokeza. 720p yenye fremu 50 hupeleka pikseli milioni 46.08 kwa sekunde, na 1080i yenye nusu-fremu 50 hupeleka milioni 51.84, lakini ya kwanza haihitaji mtu yeyote kukisia mistari iliyokosekana. Umoja wa Utangazaji wa Ulaya ulipendekeza 720p50 mwaka 2004 kwa sababu kama hizo, ingawa vituo vingi vilichagua 1080i. Mapendekezo ya kimataifa ya picha za ubora wa juu kabisa, BT.2020 ya mwaka 2012, hayana mpishano hata kidogo. Anayenunua kamera leo achague p, na kwa harusi achague 50 badala ya 25.

HandBrake hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, haitozi chochote wala haiweki nembo juu ya picha yako. Haiwezi kunasa picha kutoka kwenye deki au kamera. Hilo hufanywa kwanza kwa kifaa kingine, na kwa MiniDV ni waya wa FireWire, ambao huleta nakala ya dijitali isiyopungua chochote, takriban gigabaiti 13 kwa kila saa. Faili hilo la kwanza, lenye nusu-fremu zake zote zikiwa hazijaguswa, lisifutwe baada ya HandBrake kumaliza. Mistari iliyokadiriwa na kichujio haiwezi kutenganishwa tena na ile ya kweli, vichujio vinaendelea kuboreshwa, na aliyebakiwa na faili la DV ataweza kuirudia kazi kwa chombo bora zaidi pale kitakapopatikana.